Kurasa Ulizofungia Njugu

Salama, Makueni,
Jumamosi, tarehe nane, alasiri.

Kwa mwanangu Mutua,

Naapa nitakueleza yote, hata yale yanayonichafua mimi mwenyewe. Nitayaeleza kwa mpangilio, kama Mwalimu Ndunge anavyotufundisha, ingawa nina hasira na hasira haipendi mpangilio.

Usicheke kwamba nimekuita mwanangu. Wewe ndiye uliyeanza, Baba. Uliponipa jina la mama yako mzazi, Kalekye, ulinifanya mama yako, ndivyo ilivyo kwetu Wakamba, na tangu nilipokuwa mgongoni mwa Mama hujawahi kuniita kwa jina hilo. Unaniita Mwaitu, mama yangu. "Mwaitu, umekula?" "Mwaitu, funga mbuzi." Wageni wakija unanipa kiti kikubwa na kusema mama yako hawezi kukaa chini, nao wanacheka. Miaka kumi na sita nimekuwa mama yako wa kuchekesha wageni. Leo nataka niwe mama yako kweli, kwa alasiri moja tu. Mtoto wangu anaondoka kesho na mtambo wa kuchimba visima kwenda Marsabit, atakaa huko mwaka mzima, na kuna jambo hataki kuniambia.

Sitakuambia lolote juu ya blanketi, wala dawa, wala kutokunywa maji ya kisima kipya kabla hayajapimwa. Mama amekwisha kuyasema hayo mara tatu na soksi ameziweka juu kabisa ya mizigo yako ili usizitafute. Sasa hivi anakunja shati lako la kanisani. Wewe uko barabarani unaaga watu, nakusikia hadi hapa, unavyocheka. Mimi nimekaa kwenye ngazi ya ghala. Leo ni siku ya nane hatujasemezana.

Naanza na makosa yangu, ili usiseme mama yako anaona ya wenzake tu.

Wiki ya kufunga shule, Mwende alinipa riwaya tano. Unamjua Mwende, rafiki yangu yule mrefu. Yeye ndiye aliyekuwa anashika ufunguo wa sanduku la Mwalimu Ndunge, sanduku la bati lenye riwaya ambazo Mwalimu amezikusanya tangu aanze kufundisha. Shule yetu haina maktaba nyingine. Sheria ya sanduku ni kitabu kimoja kwa mtu mmoja, na jina linaandikwa daftarini. Nilimbembeleza Mwende, nikamwambia likizo ni ndefu na nyumbani kwetu kuna vitabu viwili tu, Biblia na kitabu cha nyimbo. Akafungua sanduku, akageuza uso ukutani.

"Chukua haraka," akasema. "Na sijaandika kitu. Ukipoteza hata moja, mimi na wewe tumemalizana."

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ni mahali nilipozificha. Mama alikuwa amesema wakati wa kuchuma ndengu hataki kuona kitabu mkononi mwa mtu, kwa hiyo nilizitia kwenye ile katoni ya madaftari ya zamani chini ya ghala. Nilijua katoni ile ni ya nini. Kila mtu nyumbani anajua. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku unafungia njugu zako za kuuza kwa karatasi, na karatasi zinatoka kwenye katoni hiyo. Nilijiambia utaanza na madaftari ya juu. Sikutaka kufikiri zaidi ya hapo, kwa sababu kufikiri kungenilazimu kutafuta maficho mengine.

Kosa la tatu utalicheka, lakini ndilo linaloniuma zaidi. Nilizisoma zote tano kwa zamu, sura moja ya hiki, sura moja ya kile, na nilipokaribia mwisho wa kila kimoja niliacha. Nilikuwa nazihifadhi sura za mwisho. Ni kama ninavyofanya na nyama ya Krismasi, nala ugali wote kwanza na nyama naisukuma pembeni ya sahani. Nilipanga wiki ya mwisho ya likizo iwe ya miisho mitano, mmoja kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Nilipenda wazo hilo kuliko nilivyovipenda vitabu vyenyewe. Nilizunguka shambani nikiwa na siri ya miisho mitano inayoningoja, nikajiona tajiri.

Kisha mambo ya shamba yakazidi, Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita, na Ijumaa Mama akanituma nikuletee chakula kwenye kibanda chako pale njia panda, muthokoi wa mahindi na kunde kwenye bakuli la mfuniko.

Basi la Mombasa lilikuwa limesimama. Mwanamume mmoja dirishani alikuwa anakula njugu zako, na karatasi iliyosokotwa kama pembe mkononi mwake iliandikwa kwa herufi kubwa, SURA YA ISHIRINI NA MBILI. Nilisimama chini ya dirisha nikaisoma hadi basi likaondoka. Hata hakuitazama. Alikuwa anatafuna.

Nakuandikia maneno yetu kama yalivyokuwa, kwa sababu najua wewe umeyasahau.

"Baba, hizi karatasi umetoa wapi?"

"Kwa katoni, Mwaitu. Kwani?"

"Hizi ni riwaya! Ni za shule!"

"Si nimetoa za nyuma tu? Kitabu bado iko. Mbele sijagusa hata moja."

"Za nyuma ndizo mwisho!"

"Nyuma ni orodha," ukasema, kwa upole, kama unanifundisha. "Hata kitabu cha nyimbo, nyuma ni orodha tu."

Yule mama wa machungwa wa kibanda cha pili akapiga makofi. "Uui! Mutua, mama yako anakulilia karatasi kama mtu amefiwa! Mpe njugu anyamaze."

"Mpe maganda asome," akasema mtu wa bodaboda. "Hayo hayana mwisho."

Na wewe ukacheka. Ukacheka nao, mpaka ukashika kiuno. Kisha ukaninyoshea njugu, zimefungwa vizuri, na kwenye karatasi kulikuwa na jina la msichana niliyekuwa namfuata kwa sura kumi na tisa.

Nilizimwaga chini. Kumwaga chakula mbele ya watu ni kosa langu la nne.

Nimefikiri kwa siku nane, mwanangu, na nataka kukutendea haki. Najua hukukusudia. Katika nyumba yetu kitabu ni Biblia au ni nyimbo. Nyuma ya Biblia kuna ramani, nyuma ya nyimbo kuna orodha, na mtu aliyelelewa na vitabu viwili hivyo akikata kwa nyuma anadhani anakata kwa huruma. Nilipokagua niliona umekata kila kimoja kiasi kile kile, kwa kisu kikali, bila kurarua, ili kimoja kisipate hasara kuliko kingine. Ulikuwa mwangalifu. Ni aina ya uangalifu inayonifanya nitake kupiga kelele.

Lakini sikukasirishwa na kisu. Nilikasirishwa na kicheko. Ulikuwa na nafasi ya kusema neno moja mbele ya wale watu, ukachagua kuwa upande wao.

Jumatatu shule ilifunguliwa. Nilimrudishia Mwende vitabu kabla ya kengele, vimefungwa kwa kamba, majalada ya mbele juu ili asihisi vilivyopungua unene. Sikumwambia kitu. Hili ni kosa la tano, na kwa hili sina cha kukulaumu. Jumanne Mwalimu Ndunge alifungua sanduku, akachukua kimoja, akakipima mkononi, akachukua kingine. Akaviweka vyote vitano mezani.

"Mwende," akasema, "vitabu vyangu vimepungua uzito."

Mwende alinitazama. Aliningoja. Mimi nilikuwa natazama ncha ya kalamu yangu. Angeweza kunitaja. Hakunitaja. Mwalimu alinyosha mkono, Mwende akavua ufunguo shingoni akampa, na sanduku likafungwa kwa kila mtu. Kufikia saa nne wasichana walikuwa wanamwita Panya. "Panya, leo umekula sura ngapi?" "Panya, usikae karibu na Biblia yangu." Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo. Nilijifunza siku hiyo ulichojifunza wewe kwenye kibanda bila kujua: ni rahisi sana kuwa upande wa wanaocheka, huhitaji hata kufungua mdomo.

Alhamisi nilimfuata Mwalimu nikamwambia yote. Hakunichapa. Alisema, "Umeniambia mimi. Ni Mwende aliyeitwa Panya mbele ya darasa, na darasa hujaliambia." Kisha akasema vitabu hivyo haviwezi kununuliwa tena, vingine vilichapishwa kabla hajaolewa. "Karatasi zimekwenda. Nirudishie kilichokuwa kwenye karatasi. Utasimama mbele ya darasa na Mwende kando yako, utasema ni nani, na utasoma miisho mitano. Hapo nitamrudishia ufunguo na sanduku litafunguliwa. Una hadi katikati ya muhula."

"Na asiyejua mwisho, Mwalimu?"

"Aliyezikata alikuwa na macho," akasema.

Nami nakujua. Wateja wakikosekana unasoma hata maandishi ya gunia la mbolea. Ndiyo maana tangu juzi Mama amekuwa akivuka ua huu kama kivuko, amebeba maswali yangu kwako na majibu yako kwangu, na mara mbili amesema atatuacha wote wawili ahamie kwa dada yake Kitui.

Sasa nikuambie nilichofikiri juu ya vitabu hivyo, maana wewe umesoma mikia na mimi nimesoma vichwa, na hatujawahi kuongea juu ya mnyama mzima.

Cha kwanza ni kile cha mpelelezi. Mtu ameuawa katika kiwanda cha mkonge, na mpelelezi anakuja na meno mabovu na karafuu mfukoni. Kwa kurasa mia mbili anahoji wanaume. Kuna mwanamke anayefagia ofisi ile kila asubuhi, ametajwa ukurasa wa tatu, ana ndoo nyekundu, na hakuna anayemuuliza kitu. Niliandika kwenye daftari langu kwamba mwandishi huyu hajawahi kufagia popote, angejua anayefagia ndiye anayeona. Mama akarudi na jibu lako: "Anasema, mwambie mama yangu aliyeua ni karani wa mizani, na mimi nilimjua tangu mwanzo." Hukusoma mwanzo! Ulisoma kurasa za mwisho peke yake, ambapo kila kitu kimeelezwa, na unajisifu umemshika muuaji. Nilimrudisha Mama aulize kama yule mfagiaji aliulizwa hatimaye. Ukasema hakuna mfagiaji mahali popote. Basi nilikuwa sahihi, na kuwa sahihi hakukunifurahisha.

Cha pili ni cha mapenzi, muuguzi na mwenye mabasi. Wanalia kwenye mvua, wanalia kwenye arusi ya watu wengine, wanalia kwenye simu. Hakuna anayepika. Hakuna anayefua ile sare ya muuguzi na ni nyeupe kila ukurasa. Nilikidharau kitabu hicho tangu sura ya kwanza na nikakisoma sura mbili zaidi ya zamu yake, hilo nalikiri. Jibu lako lilikuwa neno moja, "Walioana." Lakini Mama alisimama hapo hapo na bakuli la unga mkononi, akasema polepole, "Mimi nilisoma ukurasa mmoja wa hiyo. Ulikuja umefunga chumvi. Huyo mwanamume hakuomba msamaha. Alimnunulia tu gari."

"Na yeye akakubali?"

"Akakubali." Mama akatazama kule ulikokuwa. "Hata wale wa vitabuni ni hao hao."

Nimeuandika mwisho huo kama ulivyo, na gari lake.

Cha tatu ni cha nyumba yenye mzuka. Hicho kilikuwa kizuri kwa woga. Kuna nyayo juu ya dari kila jua linapozama, zinakwenda hadi juu ya kitanda cha mtoto zinasimama. Ndicho kilichonifanya jioni zile nikuombe unisindikize chooni. Hukuuliza kwa nini. Ulikuwa unasimama nje unapiga mluzi wimbo wa kanisa ili nijue hujaondoka, na nilipochelewa ulianza ubeti wa pili. Nalikumbuka hilo na nimejaribu kulisahau wiki hii ili hasira yangu ikae sawa. Sasa unaniambia kupitia kwa Mama kwamba hakukuwa na mzuka, ni kaka wa marehemu amejificha darini anangoja urithi. Huo ni udanganyifu. Mtu akinitisha kwa kurasa mia tatu ananipa deni la mzuka. Kaka wa mtu naweza kumpata hata hapa Salama.

Cha nne ni cha miaka ijayo. Mvua imekuwa mali ya kampuni, na watu wanapanga foleni kupewa maji kwa alama ya kidole. Nilidhani kitanipendeza kuliko vyote, sisi watu wa Makueni tunaijua kiu bila kufundishwa. Lakini ukurasa wa arobaini msichana anakimbia, anawakimbia askari, amebeba mitungi miwili ya lita ishirini imejaa. Anakimbia mtaa mzima! Niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Mtu aliyeandika hivyo anajua roketi na hajui mtungi. Tangu hapo sikumwamini hata aliposema jua limechomoza. Na wewe kurasa zake uliziuza kabla hujazisoma, basi zimekwenda, zimetupwa madirishani njia nzima ya Mombasa. Mwalimu amesema huo naweza kuutunga, mradi niandike juu yake kwamba ni wangu. Nimeshautunga. Katika mwisho wangu msichana anaitua mitungi, anakaa chini, na askari wanamkuta amekaa. Kinachofuata nimekiandika pia, lakini utakisoma ukirudi.

Hiyo ni minne. Kabla ya wa tano nina neno.

Kila Krismasi unasimulia habari ya kengele. Kwamba ulipokuwa mdogo ulivua kengele kwenye shingo ya mbuzi wa jirani, na Susu, mama yako, alipoikuta chini ya kitanda hakukuchapa. Alikufunga kengele ile shingoni mwako kwa kamba yake, akakuambia uirudishe, siku ya soko, ukipita katikati ya soko la Mbumbuni. Unaigiza ulivyotembea, ngli, ngli, na watu wakiuliza mbuzi huyu anauzwa. Sote tunacheka hadi chai inapoa. Nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisimulia kwa sauti yako.

Lakini Susu aliniambia mimi habari hiyo pia, mwaka ule kabla hajafa, tukichambua kunde. Kwake haikuwa ya kuchekesha. Alisema ulilia tangu mlangoni hadi kwa jirani na hukucheka hata kidogo. Na alisema jambo ambalo hulijui, maana hukugeuka: alikuwa nyuma yako njia nzima. Alijificha kati ya wauza vyungu na wauza vikapu, akikufuata kwa hatua ishirini, na yeye pia analia. "Nilitaka akigeuka anione," alisema. "Hakugeuka. Basi nilimwacha adhani alikuwa peke yake, akawa mwanamume wa kucheka."

Sijui kama alikosea. Alidhani alikosea. Mimi nina jina lake, na sitaki kukosea vile vile, kwa hiyo nakuambia mapema: ninapokuomba urudishe kitu, niko nyuma yako hatua ishirini. Unaweza kugeuka.

Sasa cha tano.

Ni kile chenye jalada la kahawia, cha zamani zaidi kuliko vyote, kuhusu mtu wa kilima kikavu kama chetu anayekwenda kujenga reli. Anamwambia mkewe, Mbula, atarudi ndengu zikikauka. Mbula anakiweka kigoda chake kando ya mlango na hamruhusu mtu kukikalia. Ndengu zinakauka. Zinakauka tena. Wageni wanakuja, mkwe anakuja, mchungaji anakuja, na kila mmoja anaelekeza makalio kwenye kigoda kile na Mbula anasema, "Hapo pana mtu." Hakuna kinachotokea zaidi ya hapo, mwanangu. Hakuna bastola wala mzuka. Ndicho kitabu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika na nakichukia. Nakichukia kwa sababu nilimkasirikia Mbula, nilitaka akipasue kigoda kile kuni, na kila nilipofungua sura mpya nilitazama kwanza kama kigoda bado kipo.

Sura niliyoishia ni jioni. Mbula yuko ndani peke yake. Nje mtu anakohoa, kile kikohozi cha kuita hodi bila kusema. Mbula anasimama. Anaweka mkono kwenye komeo la mlango. Hapo ndipo kisu chako kilipopita. Mkono wake umekaa kwenye komeo hilo tangu likizo.

Alhamisi nilimtuma Mama akuulize. Jibu likawa, "Mwambie hiyo sikusoma." Kisha ukaondoka ukaenda kurekebisha boma la mbuzi ambalo ulilirekebisha Jumatano.

Mama hawezi kusema uongo kwa niaba ya mtu. Aliniambia mwenyewe: "Aliisoma. Nilimkuta kibandani siku ile alipigiwa simu ya kazi ya visima. Karatasi zilikuwa kwa magoti, watu wamesimama wanataka njugu, na yeye hawaoni. Nilimwita mara mbili."

Basi ulisoma mwisho wa kitabu hicho siku ile ile uliyojua unaondoka. Na ulipomaliza, ulizisokota kurasa zile ukazifungia njugu kama nyingine, na jioni ulituambia habari ya kazi huku unacheka.

Nadhani najua kwa nini hutaki kusema. Nimefikiri hivi: kama mume wa Mbula angekuwa amerudi, ungeniambia. Ungekuja mwenyewe bila kumtuma Mama, ungeigiza kikohozi na kila kitu. Lakini sina hakika, na sitaki kusimama mbele ya darasa na Mwende kando yangu nikisoma dhana. Mwende ananisemesha neno moja moja tu sasa. Jana alisema, "Ni mingapi imebaki?" Nikasema mmoja. Akasema, "Haya," akapapasa shingo yake mahali ufunguo ulipokuwa.

Usinipigie simu. Kwenye simu unajua kucheka. Barua hii Mama ataiweka chini ya shati la kanisani, utaikuta huko huko, mahali ambapo hakuna wa kucheka naye. Lori la mtambo linarudi Sultan Hamud kila baada ya wiki mbili kuchukua mabomba, umesema mwenyewe, na dereva ni mtu wetu. Mpe karatasi. Iwe ndogo, iwe ya gunia la saruji, mradi iwe na maandishi yako.

Usinipunguzie. Usiniandikie mwisho unaodhani mtoto anaupenda. Kama alikuwa yeye, sema. Kama alikuwa mtu mwingine ameleta habari, sema, na useme alisema nini na Mbula alifanya nini na kile kigoda. Mimi si mtoto wa kufichwa. Mimi ni Kalekye, mama yako, na bado nimekasirika, na kesho asubuhi nitakuja hadi barabarani ingawa sitasema kitu. Nitasimama nyuma kidogo.

Alipofungua mlango, alimkuta nani?